Mkono Ndani ya Buibui

Mtu akiniuliza nilikuwa mtoto wa namna gani, najibu kwa kifupi kwamba nilikuwa mwoga. Mjusi na radi havikunisumbua. Niliogopa watu wazima wanaposhusha sauti. Niliogopa zaidi swali la wageni waliokaa barazani kwetu, ambao hawakuchoka kuuliza, "Huyu mtoto, wenyewe bado hawajaja kumchukua?" Wanauliza hivyo na mimi nimesimama palepale, nimeshika sinia la vikombe, wananitazama kama baiskeli iliyosahauliwa kwa fundi.

Baraza hiyo ilikuwa ya fundi cherehani, mjini Tukuyu, mtaa wa nyuma ya soko. Babu zake na babu za mkewe walikuja na biashara kutoka pwani, wakaikuta mvua yetu na baridi ya Mlima Rungwe, na kwa sababu wanazozijua wenyewe wakabaki. Walikuwa Waislamu, na Mungu hakuwa amewaachia mtoto hata mmoja akakua. Mimi sikuwa wao. Mama yangu mzazi alikuwa mkulima wa Kisondela aliyekuwa akileta ndizi sokoni, na huyu mke wa fundi alikuwa mteja wake, hadi wakawa wanaitana dada. Baba yangu alikwenda kuchimba dhahabu Kusini, kwa Makaburu, nikiwa tumboni. Uhuru ulipopatikana wenzake walirudi na masanduku ya bati na mablanketi. Yeye ilirudi habari tu, kwamba mwamba ulimwangukia.

Ukoo wa baba ukataka mama arithiwe na shemeji yake. Mama akakataa. Haukupita muda akaanza kukohoa, na wao wakasema ndiyo malipo ya ukaidi, wakamfungia mlango. Hospitali ya misheni ikasema ni kifua kikuu na kwamba matibabu yake ni ya kukaa huko muda mrefu. Basi akanibeba mgongoni hadi mjini, akafunga kanga mdomoni asije akanikoholea, akamwambia mke wa fundi, "Dada, nishikie mtoto mpaka nipone." Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yote, na wakati ule hakuna aliyeyaona mageni. Nikashikiwa, mwaka ukafuata mwaka, hadi uso wa mama ukanitoka kichwani, na Kinyakyusa nacho kikanitoka.

Mama wa mjini, ndivyo ninavyomwita hadi leo, alijua maana ya amana. Mama yangu alikuwa Mkristo, kwa hiyo kila Jumapili alinisindikiza hadi mlangoni mwa kanisa, kisha yeye akakaa nje kwenye ukingo wa mtaro kunisubiri. Watu walimcheka. Alikuwa na buibui la yale ya zamani, jeusi, la kufunika kuanzia utosini hadi vifundoni, lenye kitambaa chepesi cha kushusha usoni, na bila hilo hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Mimi nilikaa benchi la mwisho ili nilione kupitia mlangoni. Mahubiri siyakumbuki hata moja. Nakumbuka nilivyokuwa nikiangalia lile jeusi, na mtu akipita mbele yake, niliinuka kwenye benchi mpaka apite. Hata sokoni, katikati ya miguu ya watu, sikuwa nafuata uso. Nilifuata buibui lile na harufu yake ya udi na mafuta ya nazi.

Watoto wa mtaani walijua nilipo na uoga, na watoto hawana huruma. Waliniambia mama yangu anatema damu, na siku akija nitalala zizini na ng'ombe. Nilimwuliza mama wa mjini kama ni kweli. Alinijibu kwamba mama yangu ni mtu mwema na kwamba ataniogesha vizuri kuliko yeye. Alisema hivyo huku akinisugua miguu kwa nguvu mno, na mimi nikazidi kuogopa.

Kisha akaanza kuja mzee wa koti. Lilikuwa koti refu la jeshi, la vita vya Wazungu. Siku ya soko alilileta kwa fundi kutiwa kifungo, soko lililofuata kushonewa mfuko, lililofuata kutiwa bitana ya ndani. Alikaa kwenye benchi akanitazama. Hakununua kitu, hakuzungumza na mtu zaidi ya salamu. Mara moja alinishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga, akasema maneno ya Kinyakyusa ambayo sikuyaelewa, akaniachia. Vidole vyake vilinukia ugoro. Baada ya hapo kila nilipoliona lile koti likipanda kutoka upande wa soko nilijificha nyuma ya cherehani.

"Koti la yule mzee vifungo vyake vinajing'oa vyenyewe," fundi alisema.

Mkewe hakucheka. Alisema angependa siku moja mzee huyo alichukue koti lake, alivae na kwenda zake moja kwa moja.

Wauza ndizi ndio walioleta habari kwamba mama yangu amepona. Alikuwa amepata shamba katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kisiba, shamba lake mwenyewe, mwanamke na jina lake, jambo ambalo katika ukoo wowote wa kwetu lisingewezekana. Angekuja siku ya soko. Asubuhi hiyo mama wa mjini alinisuka, akanivika gauni lililoshonwa kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, akaniambia, "Ukimwona, umwamkie." Mimi nilitapika uji wote.

Nilisimama kwenye nguzo ya baraza. Mzee wa koti alikuwa ameshawahi benchi lake. Kwenye kona ya mtaa akatokea mwanamke mwembamba, mkungu wa ndizi kichwani, anatazama nyumba moja moja. Akaniona. Najua aliniona, kwa sababu alisimama na mkono wake ukaenda mdomoni. Kisha macho yake yakasogea kidogo pembeni yangu. Akautupa mkungu chini, akavuta kanga ikamfunika kichwa chote, akageuka na kukimbia. Alipita kati ya choo cha jirani na migomba, akapotea.

Nilielewa kama ambavyo mtoto yeyote angeelewa. Mama yangu ameniona, na akanikimbia.

Mzee wa koti hakujisumbua hata kidogo. Fundi alikumbuka baadaye kwamba alikuwa amegeuza uso ukutani, lakini wakati ule nani amwangalie mzee. Mama wa mjini alitoka akaokota ndizi kwenye matope, moja moja, anafoka. "Mwanamke mzima anamkimbia mtoto wake? Alikuwa anataka nini, kutuchezea?" Alifoka hivyo, lakini jioni nilimsikia jikoni akiimba, na hakuwa mtu wa kuimba. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningepiga na vigelegele.

Jambo lilelile likatokea tena soko la mbele, mama akaishia konani akatimka. Mtaani wakasema ugonjwa umempanda kichwani. Kwangu uoga ukageuka sura. Zamani niliogopa kwamba atanichukua. Sasa nikawa naogopa kwamba nina kitu, kitu ambacho wengine wananifichia, cha kumfanya mtu aliyenizaa atupe ndizi zake akimbie. Nilichukua kioo cha fundi nikajikagua uso. Nilikagua masikio, nikakagua ulimi. Mama wa mjini alinikuta nimepanua mdomo mbele ya kioo, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta ubaya. Alikaa chini sakafuni pale pale.

Haikuchukua muda akaja Bwana Ustawi. Alikuwa kijana wa serikali, afisa wa ustawi wa jamii, aliyehamishiwa kwetu kutoka upande wa Ziwa, shati jeupe, mpole, kila mtu kwake ni ndugu. Alieleza kwamba watu wa ukoo wa marehemu baba yangu wamekuja ofisini wanamtaka mtoto. Mama mzazi naye amekuja, kwa siku yake, anamtaka. Kwa hiyo pande zote mbili zitakutana ofisini kwake Jumatatu, naye ataamua mtoto aende wapi.

"Na mimi?" mama wa mjini aliuliza.

"Wewe, ndugu, serikali inakushukuru sana."

Alipoondoka, mama wa mjini alimwambia mumewe maneno ambayo niliyasikia nikiwa nyuma ya pazia, na yakaniondolea usingizi. Alisema kwa mama yake angeweza kunitoa, uchungu angeumeza. Lakini kwa watu waliomfungia mgonjwa mlango, hapana. Huko nitafugwa hadi nifae kuozwa, ng'ombe warudi zizini kwao, basi. "Na mama yake ndiye huyo anayekimbia," alisema. "Nani atawazuia?"

Jumatatu kulikuwa na mvua ile yetu ya kunyunyiza, isiyo na mwanzo wala mwisho, na ukungu umeshuka hadi barabarani. Mama wa mjini alinishika mkono njia nzima. Tukaingia ofisini, chumba chenye meza, mabenchi na dirisha moja. Kwenye benchi la ukutani, pembeni ya mzee mwenzake wa ukoo, kulikuwa na lile koti.

Bwana Ustawi alitabasamu. "Mtoto, huyu ndiye babu yako, aliyemzaa baba yako. Msalimie."

Mkojo ulinitoka. Ulishuka hadi kwenye viatu, na sikuweza kufanya lolote.

Mzee alizungumza taratibu, Kiswahili chake kizito cha Kinyakyusa. "Ng'ombe nilitoa mimi. Huyu ni mtoto wa ng'ombe sangu. Kila soko nimekuja kumwangalia, sijamtupa. Mama yake alikataa ndugu wa mumewe, akaenda sake." Akamgeukia Bwana Ustawi. "Huyo mama anayemtaka mtoto, yuko wapi? Mwiteni basi aingie aseme."

Tarishi akatumwa nje, akarudi amelowa. "Yupo nyuma ya ofisi, bwana. Anasema hawezi kuingia."

"Hawezi au hataki?"

"Anasema hawezi."

"Kamwambie ndugu zake wote wako hapa, aje asikilizwe. Asipoingia sasa nitahesabu hakuja."

Tarishi akatoka tena. Mzee wa koti aliangalia magoti yake na kungoja. Mimi nilimng'ang'ania mama wa mjini, nikahisi mwili wake umekakamaa. Alimtazama mzee, akalitazama koti, akatazama dirisha. Kisha akaubandua mkono wangu kidole kwa kidole, akanikalisha karibu na mumewe, akatoka bila kuomba ruhusa. Nilijua basi, naye ameniacha.

Alichokitambua mama wa mjini ni hiki, na kwetu hakuna asiyekijua. Mwanamke wa Kinyakyusa na baba wa mumewe hawaonani. Hawakai chini ya paa moja, hawapishani njiani. Akimwona anakuja, mwanamke ataingia vichakani na kujifunika mpaka apite. Hata jina lake halitamki. Akivunja mwiko huo atadhurika yeye na uzazi wake, ndivyo walivyofundishwa tangu siku ya kuolewa. Watu wa pwani waliokulia Tukuyu nao walilijua hilo vizuri. Ila nani angejua kwamba mzee wa vifungo ndiye mkwe mwenyewe? Mzee alijua. Alikaa kwenye lile benchi kila soko kwa sababu alijua, na sasa amekaa kwenye benchi la serikali kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa amekuwa ukuta kati yangu na mama. Na Bwana Ustawi wa watu, aliyezaliwa mbali, alifikiri amefanya haki kwa kuwakusanya wote chumba kimoja.

Tarishi akarudi na jibu lilelile. Bwana Ustawi alichukua kalamu.

"Mama mzazi ameitwa, hakuingia. Sina njia nyingine. Mtoto ataondoka na babu yake."

Mzee akasimama. Koti lilikuwa refu kuliko nilivyolijua. Ule mkono wenye harufu ya ugoro ukanishika kifundo cha mkono, haukuniumiza, ulinishika tu kama mtu anavyoshika chake.

Hapo mlangoni likasimama buibui.

Nilichomoka. Sijui nilichomokaje mkononi mwa mzee. Nilikimbia nikajitupa ndani ya lile jeusi, nikafukia uso kwenye harufu ya udi na mafuta ya nazi, nikamkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote. Kiuno kilikuwa chembamba. Mikono yangu ilikizunguka ikakutana, kitu ambacho kwa mama wa mjini hakijawahi kutokea. Kisha ukatoka mkono chini ya buibui ukanishika kichwani, mkono wa kukwaruza, wenye nyufa, umekolea weusi wa utomvu wa ndizi kwenye kucha.

Nikajua nimekosea mtu. Nilitaka kurudi nyuma, lakini nyuma yangu kulikuwa na koti. Mbele sijui kuna nani, nyuma najua kuna nani. Nikabaki nimeganda hapo, nimefumba macho. Na ule mkono haukuondoka kichwani kwangu.

Mzee alitambua kabla ya wote. Nadhani aliiona ile miguu, miguu ya shamba isiyo na viatu, chini ya pindo. Mwiko ule ulimfunga na yeye pia. Alivuta kofia ikamfunika macho, akageukia ukuta, na yule mwenzake akamshika kiwiko akamtoa kwa mlango wa nyuma. Hakurudi kudai, siku ile wala baadaye. Bwana Ustawi hakuelewa kwa nini mzee ameondoka katikati ya shauri. Tarishi aliitambua ile miguu, akamwambia huyu ndiye mama mzazi aliyekuwa nje, naye akaamini kile alichokiona kwa macho yake.

"Amefunikwa gubigubi na mtoto amemjua," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeguswa. "Mimi sihitaji ushahidi mwingine."

Nje, mama wa mjini alikuwa amesimama chini ya dirisha. Alikuwa na gauni tu na kanga kichwani, amelowa, na wanaume waliokuwa wakipita kwenda ofisini walimtazama, yeye ambaye hata muuza maji hakuwahi kumwona nywele. Alikuwa amemkuta mama nyuma ya ofisi, amechuchumaa, ameelekeza uso kwenye ukingo wa mtaro. Mama ndiye aliyenisimulia walivyozungumza.

"Yule mle ndani ni mkweo?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa nini hukumwambia hata huyo tarishi?"

"Nitamsemaje, dada, na mimi hata jina lake silitaji? Na nikiingia, nikifa?"

"Usipoingia, mtoto anakwenda." Ndipo akaanza kulivua. "Vaa hili. Hutamwona, naye hatakuona. Mungu atajua la kufanya na sisi wawili."

Mama alitaka kumrudishia buibui lake pale pale. Mama wa mjini alikataa, akasema mzee bado yuko barabarani, mama alivae hadi tupite kona. Hakunikumbatia. Alinisogeza kwa mkono mmoja, kama anavyosogezwa mtoto wa jirani, akasema, "Haya, nenda na mama yako, na chakula cha kwao ule." Tulipofika konani niligeuka, nikamwona fundi amemvisha shati lake kichwani, na yeye ameinama.

Nilimwogopa mama yangu masika nzima. Nililala karibu na mlango, nguo mwilini. Siku moja moshi wa pilipili ulimpalia akakohoa, nikatoka mbio hadi kwenye mashamba ya chai ya kijiji, wakanitafuta watu wengi wakiwa na mapanga ya kazi. Yeye naye alikuwa na hofu yake. Alijipapasa tumbo, alihesabu kila homa, alingoja adhabu ya mwiko ianze. Tulikuwa waoga wawili kwenye nyumba moja ya nyasi, kila mmoja anamchunguza mwenzake, na sijui ni lini hasa tuliacha. Adhabu haikuja. Mama aliishi hadi akazeeka.

Na maisha yake yote alisimulia habari ile. Aliwasimulia akina mama wa kanisa, aliwasimulia wageni, aliwasimulia wajukuu: jinsi alivyoingia amefunikwa kichwa hadi miguu, bila kusema neno, na mtoto aliyemwacha akiwa hajui hata kuosha uso akaja mbio kifuani kwake. "Alinijua," alisema. "Miaka yote ile, na alinijua." Hiyo ndiyo iliyomlipa kwa kikohozi, kwa milango aliyofungiwa, kwa ndizi zilizotupwa kwenye matope. Mimi nilikuwa nikisikiliza, natazama chini.

Aliisimulia hata kwenye arusi yangu, mbele ya watu, na mama wa mjini amekaa ubavuni kwake kwa sababu sikukubali akae kwingine. Katika watu wote waliokuwepo, mama wa mjini peke yake ndiye aliyekuwa dirishani siku ile, na alijua vizuri nilimkimbilia nani. Alinitazama, kwa kitambo. Kisha akamgeukia mama.

"Niliona, dada," alisema. "Alikuja mbio."

Mama akafuta macho. Mama wa mjini akaomba maji ya kunawa, tukaanza kula.